Vidonda Vitatu vya Tangi

Majengo,
S.L.P. 41,
Thika.
Jumamosi, 19 Oktoba 1957

Mpendwa Kaka Omar,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama miguu humuuma asubuhi, lakini jua likishapanda hutembea mpaka bombani na kurudi. Mvua bado. Vumbi la barabara ya Ruiru limeingia hadi kwenye unga.

Mimi ningali karani wa stoo pale kiwanda cha matunda. Mananasi yameiva kwa wingi na watu wanafanya kazi zamu mbili.

Barua yako ya tarehe 9 Septemba niliipata. Ulisema utapewa likizo Desemba, uje umwombee mwanetu Mishi dua kaburini, kisha usafirishe pikipiki yako kwa reli na meli ya ziwa hadi huko Tabora. Uliniomba nilitengeneze tangi lake, kwa kuwa rangi imebanduka hapa na pale. Kazi hiyo nimeifanya ila sikuimaliza, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Jumamosi ya tarehe 28 Septemba nililiosha tangi kwa sabuni, nikalikagua juani. Nilikuta sehemu kumi zilizobanduka, kubwa kuliko zote kama punje ya hindi. Nilizichora katika shajara yangu na kuzipa namba. Ya kwanza hadi ya saba zilitokana na changarawe na vifungo vya koti lako. Ya nane, ya tisa na ya kumi ni zile tatu zilizopangana karibu na kifuniko cha petroli. Hizo unazikumbuka.

Rangi nilipewa na Gathogo, yule fundi anayepaka matrekta ya shamba la kahawa huko Ruiru. Alichanganya rangi ya damu ya mzee mpaka ikalingana kabisa na ya tangi. Nilisugua kutu kwa msasa laini, nikapangusa kwa petroli, nikaweka rangi ya chini, kisha nikadondoshea rangi yenyewe kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Kila siku tabaka moja jembamba. Zile saba zilishika vizuri, huwezi kujua zilikuwa wapi.

Zile tatu zilikataa. Rangi ilijikunja ikakimbia pembeni, kama maji juu ya jani la nduma. Nilifuta nikarudia mara nne. Jumapili ya tarehe 6 nikaipeleka pikipiki Ruiru.

Gathogo alipitisha kidole mahali pale, akakinusa, akacheka mpaka akaegemea trekta.

"Haiya, karani! Hili ni tangi au ni sufuria? Mlitaka kulikaanga na vitunguu?"

Nikamwambia sielewi.

"Ni mafuta ya nazi, bwana. Tena si ya siku moja. Yamepakwa na kupakwa mpaka yakaingia chini ya rangi. Nani kwenu hupaka chuma mafuta ya nywele?"

Alisema dawa yake ni kukwangua pale pote kwa upana wa kiganja, kuosha kwa magadi na petroli mpaka harufu iishe, ndipo rangi itashika. Nilimshukuru nikarudi nyumbani.

Nilimuuliza Mama. Alikuwa akichambua mchele, akaacha. Alisema Mishi alikuwa akimwomba mafuta ya nazi kila Ijumaa baada ya kuoga, kiasi cha kujaza kizibo cha chupa. Mama alidhani ni ya mwanasesere wake wa matambara. Siku moja alimkuta nyuma ya nyumba amesimama juu ya debe, anayapaka tangini kwa kidole, polepole, kama apakavyo mtu penye maumivu.

"Bibi, navipaka vidonda vya pikipiki ya baba," akamwambia. "Vikipona kabla hajarudi, hatanikasirikia tena."

Mama hakuniambia wakati ule kwa sababu aliona ni mchezo wa mtoto. Mchezo huo, Kaka, aliuendeleza tangu Januari hadi Ijumaa moja kabla ya homa kumchukua. Hata siku ya Idi, akiwa na lile gauni ulilomletea, alikunja mikono yake kwanza, akapaka, ndipo akaenda kucheza.

Sasa niandike jambo ambalo nimeshindwa kuliandika kwa miezi tisa.

Jumapili ya tarehe 6 Januari, asubuhi ya safari yako, ulitoka nje ukaona zile alama tatu mpya. Mishi alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha bati, kile alichozoea kukigongagonga ukimpakia mbele kwenye tangi. Ulimkaripia. Ulimnyang'anya kikombe ukakiweka juu ya kabati, ukamwambia akae ndani, asikusindikize stesheni. Ukaondoka bila kumshika mkono.

Si yeye aliyebandua rangi ile. Ni mimi.

Jumamosi iliyotangulia niliiazima pikipiki kwenda Ruiru. Nilining'iniza funguo za stoo kiunoni, na barabara ile ina mashimo. Kila niliporuka zilipiga tangi. Niliziona zile alama nilipofika nyumbani, nikasema moyoni nitakueleza asubuhi. Asubuhi ulimkuta mtoto kabla ya kunikuta mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, Kaka, hatua tano kutoka kwako, nimezishika funguo ndani ya mfuko zisilie.

Nilijiambia ni jambo dogo, nitakuandikia ukishafika. Shajara yangu ya siku ile ina maneno haya tu: "Kaka amesafiri. Manyunyu asubuhi." Mimi niandikaye hata bei ya kiberiti.

Mishi hakuwahi kusema kwamba si yeye. Wewe ulisema ni yeye, basi aliamini. Kikombe chake kiko juu ya kabati pale pale ulipokiweka. Hakukiomba hata siku moja. Aliniuliza mara mbili, "Baba mdogo, baba bado amekasirika?" Nikamjibu hapana. Sikumwambia kwa nini.

Hukupata kumzika kwa sababu simu ya maandishi ilichelewa, na hilo si kosa la mtu. Lakini neno la mwisho alilolisikia kwako alilisikia kwa ajili yangu. Siombi uniambie yamekwisha. Nataka ujue tu kwamba mwanao hakukuharibia kitu.

Gathogo ameahidi kuja na magadi yake wakati wowote nikimwita. Sijamwita. Nilipolitazama tangi tena nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliandika: zile saba za changarawe na vifungo zote zilikuwa na kutu ndani. Zile tatu hazina kutu hata chembe. Chuma chake ni cheupe kama siku kilipobanduliwa rangi.

Nimezifunika kwa kitambaa safi. Ukija utaamua mwenyewe kama zipakwe rangi au zibaki.

Mama anakusalimu sana, na anasema ukifika ufikie kwake kwanza. Jirani yetu Idah, na Bi Mwanaisha aliyemwosha Mishi pamoja na Mama, nao wote wanakupa pole. Mungu akulinde njiani na ziwani, na amlaze mtoto wetu pema kando ya mama yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kama hutanijibu,

Rama