Miwani Uliyompa Awuor

Doha, Ijumaa

Ndugu yangu Ouma, baba Awuor,

Nafasi yangu ya kuingia kikosi cha zimamoto cha hapa ghalani niliipoteza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nikiwa kwenye kiti cha daktari wa macho. Hilo nimelitanguliza ili usidhani hasira hizi ni za jua la huku. Sasa nikusalimu. Hamjambo hapo Rongo? Mgongo umepoa tangu ubebe lile geti la shule? Na Mama kule Homa Bay, kifua bado kinamkamata akipanga samaki motoni? Mimi mwili ni mzima. Ni macho, na nakuandikia kwa karatasi kwa sababu karatasi huwezi kuikata kama simu.

Unajua nilivyofika hapa. Nilianza na fagio, mwaka wa pili nikapewa forklifti, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kikosi kilipotangaza nafasi mbili nilipita mbio, nikapita ngazi, nikapita kuburuta mpira wa maji, nikawa wa kwanza kati ya watu kumi na mmoja. Ikabaki miwani. Barakoa ya hewa inayovaliwa ndani ya moto inashika uso wote, na mkono wa miwani ukipita pembeni, moshi nao unapita. Wakaniambia nikarekebishe macho kwa leza, kisha nirudi.

Nilidhani leza ni kama kutoboa masikio. Daktari, mama mmoja Mhindi asiyependa maneno mengi, alinipima siku mbili. Mashine ya kwanza ilichora konea, kile kioo chembamba cha mbele ya jicho, ilivyopinda. Ya pili ilinipulizia hewa, mara moja kila jicho, huku kamera ikitazama konea inavyobonyea na kurudi. Kisha akageuza skrini nijionee. La kulia si baya. La kushoto, juu mpindo ni 43, chini unaruka hadi 51. Unene ni maikroni 463, na maikroni elfu moja ndizo milimita moja. Yeye chini ya 500 hapendi kugusa. Tena ilipopulizwa ilibonyea sana, ikachelewa kurudi.

"Leza hupunguza konea," akasema. "Yako haina cha kupunguzwa, na ni laini. Nikiigusa itazidi kuchomoza."

Nikamwomba apunguze kidogo tu. Akasema hapana. Nikamwuliza kwa njia nyingine, si unanijua. Akasema hapana ileile.

Wewe ni fundi wa matangi. Mteja akikuletea tangi la bati jembamba la geji 32, limeshaanza kutuna chini, utalipiga grinda ubavuni ili ling'ae? Utamfukuza. Basi nilifukuzwa hivyo, nikakubali. Kilichonikera ni kilichofuata.

Daktari aliuliza nani mwingine kwetu ana macho haya, maana huweza kurithiwa, na kuyafikicha huyaharibu zaidi. Nikacheka. Sisi tuliolelewa kwenye moshi wa samaki wa Mama, nani hakufikicha? Nikajibu hakuna mwingine. Nikaandika hivyo kwenye fomu, nikatia sahihi.

Jioni nikakupigia kukueleza. Ukaniambia nini? "Pole, nyaminwa, dada yangu. Lakini ile miwani yako ya zamani haikulala bure. Nilimpa Awuor muhula uliopita, sasa anasoma ubao akiwa dawati la mwisho." Ukajiona umeokoa, kana kwamba miwani ni sweta ya shule, ikimbana mkubwa inamshukia mdogo.

Ouma, pale pale nikaanza kupiga hesabu. Miwani ile ilikatwa kwa macho yangu peke yangu. Kioo cha kulia ni kama cha dirisha tu. Cha kushoto kina nguvu nne za kunyoosha mpindo, kwa pembe ya digrii sitini. Unakumbuka Krismasi ulipoivaa kwa mzaha? Ulisema sakafu inapanda, ukamkanyaga kuku wa Mama, na mkeo akacheka mpaka akakaa chini. Haikukufaa kwa sababu macho yako ni mazima. Sasa mtoto wa miaka kumi na minne anaivaa, na dunia inanyooka. Hiyo si bahati. Awuor ana jicho langu.

Nilipokuambia hivyo ukasema, "Umekosa kazi, sasa unamtafutia mtoto wangu ugonjwa." Ukakata.

Sijamtafutia. Nikiwa nimekosea nitafurahi, lakini mashine ndiyo itasema, si mimi wala wewe. Kwangu mpindo umetulia kwa sababu ya umri. Kwa mtoto hukimbia. Ikigundulika mapema kuna matone na mwanga maalum wa kuikaza konea. Tiba hiyo hairudishi kilichopotea, inashikilia kilichobaki. Mimi nimekosa kikosi. Yeye atakosa ubao.

Nimeweka humu ramani ya jicho langu. Pale pekundu chini ndipo palipotuna. Kuna pia karatasi ya namba za miwani. Mpe daktari zote mbili. Mashine ya kuchora konea ipo Kisumu, nimeshauliza. Hapo Rongo watamsomesha herufi za ukutani, naye kwa miwani yangu atazisoma zote, urudi nyumbani ukijisifu. Na kuanzia sasa asifikiche macho; akiwashwa, aweke kitambaa cha maji baridi. Mwambie ni mimi waya wake nimesema. Shangazi yake hambishii.

Msalimie Mama, na umwambie Awuor asikae karibu na moto wa samaki likizo hii. Msalimie yule kijana wa watu, mwanagenzi wako, unayegombana naye karakanani kila siku na humfukuzi. Msalimie mkeo, min Awuor, yaani mama Awuor, na umsomee barua hii yote bila kuruka mstari.

Inaletwa na mwenzangu wa Migori anayekuja likizo. Jumatano utakuwa nayo. Shule inafungwa Ijumaa. Nataka jibu kufikia Jumamosi saa sita mchana, saa za huko: Awuor anakwenda Kisumu, ndiyo au hapana? Usiniandikie kwamba tumwombe Mungu. Hiyo kazi Mama anaifanya vizuri. Nisipopata jibu, saa sita na dakika moja nampigia mama yake Awuor.

Ni mimi dada yako,
Atieno