Kuyeyusha Miguu ya Zamani

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Asubuhi nimefunga plasta mbili za kupimia miguu ya wagonjwa. Plastiki ya kutengenezea miguu bado haijafika kutoka Dar. Mama Atanasia yuko wodini, katoka Kilimarondo kwa magongo. Mguu ulikatwa na bomu la ardhini, kwao Msumbiji. Ganda la mguu wa bandia nililomtengenezea limepasuka. Korosho zake zinaanguka, hana wa kumwokotea.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimekusanya mabaki ya plastiki ya stoo, nikayayeyusha kwenye tanuri. Ganda jipya limetoka zuri kwa macho. Macho hayatoshi. Nimeunda mashine: pedali ya baiskeli inanyanyua mfuko wa mchanga na kuuangusha juu ya mguu. Iwe kama mtu anatembea.

Ijumaa, 9 Oktoba
Limepasuka kabla ya chakula cha mchana.
Chuoni tulifundishwa kwamba plastiki ni nyuzi ndefu zilizosokotana. Moto unazilegeza, zikipoa zinashikana upya. Lakini kila moto unakata baadhi. Mabaki yale yalishapita motoni mara nyingi mno.

Jumatatu, 12 Oktoba
Ganda jingine, limepasuka vilevile. Mama Atanasia alikuwa mlangoni, kaona. Akasema, "Nipe hilohilo, mwanangu. Likivunjika nitarudi."
Nikamuuliza likivunjikia shambani jioni, tembo wanaposhuka, atarudi vipi. Alirudi kitandani wodini. Amegeukia ukutani hadi sasa.
Najichukia.

Jumanne, 13 Oktoba
Upo mguu mmoja wa bandia ambao haujarudi motoni tangu nilipoutengeneza kwa plastiki mpya. Uko nyumbani, nyuma ya kabati. Wa mama yangu. Tulimzika bila huo.
Nimemwambia dada yangu Theresia. Aliacha kupepeta mchele. "Unataka kumyeyusha mama?"
Hatukula pamoja.

Alhamisi, 15 Oktoba
Nimeuchukua. Theresia alinitazama tu, hakunizuia. Ulipolainika tanurini umbo la mguu wa mama likapotea. Nikatoka nje kidogo, kisha nikarudi nikatengeneza ganda jipya kwa kipimo cha Mama Atanasia.
Mchana kutwa mashine imeupiga. Nikaweka jiwe chini ya kisigino, nikaumwagia maji. Haukupasuka. Hata hivyo mashine haichoki, haitelezi, haina mzigo kichwani. Inanipa nusu ya jibu. Nusu nyingine ni mwenyewe avae.

Jumamosi, 17 Oktoba
Mama Atanasia kavaa. Katembea uani, kapanda ngazi, kashuka. Akauliza plastiki ilikuwa ya nani, maana anajua mpya hazijaja. Nikamwambia ya mama yangu, marehemu.
Alikaa kwenye benchi, mkono juu ya goti.
"Aliitwa nani?"
"Bibiana."
Akalirudia jina polepole, kwa lafudhi ya Kimakonde. Kisha akaomba aondoke, gari la Kilimarondo lilikuwa karibu kutoka.

Jumapili, 25 Oktoba
Misa ya kwanza. Joto kali, mawingu bila mvua. Theresia hajanisemesha wiki nzima zaidi ya salamu. Mchana alinitengea chakula, akakaa mbele yangu. Akauliza kama yule mama anatembea vizuri. Nikasema jana kuna mtu wa kule kaja kliniki, kasema alimwona shambani akiokota korosho.
Akaniongezea mboga.