Wazo Baya Likija, Litaje

Hnin, nimekwisha! Nimejificha chooni huku kwenye nyumba ya tafakuri. Siku ya kwanza kati ya kumi!

Mtawa katufundisha hivi: chochote kikikujia, usipigane nacho, kitaje kimoyomoyo mpaka kijiondokee. Mbu akikuuma: maumivu, maumivu. Mbwa akibweka: kusikia, kusikia.

Haya. Nimefumba macho, ukumbi mzima umetulia tuli. Ikanijia jana, nilivyodamka kumpikia mama mkwe mohinga. Akaonja supu, akaniuliza, "Mwanangu, humu samaki alipita kusalimia tu?"

Mwili ukanichemka. Nikaanza kutaja. Hasira, hasira. Mchawi, mchawi. Ahamie kwa mwanawe mwingine, ahamie, ahamie.

Shoga, KWA SAUTI! Nilikuwa nasema KWA SAUTI! Nimeshtuka mtawa alipokohoa. Watu themanini, Hnin!

Na unajua nani kanileta huku ati nikapunguze hasira? Mama mkwe mwenyewe! Mkeka wake uko nyuma yangu!

Sikuthubutu kugeuka. Halafu nikasikia kisogoni, taratibu, sauti tamu kama ya mtu anayebembeleza mtoto:

"Kusikia... kusikia... kusikia."