Tamis ya Madame Kavita

Ornella, kesho sijui nitarudi kazi na sura gani.

Unamujua Madame Kavita, ule Muhindu ninafanyia kazi kule Uccle. Leo alifunga tangu asubui, hata maji hapana, juu bwana yake aishi miaka mingi. Bwana alikula frites, bile viazi vya kukaanga, courage kwake.

Mwezi ukitoka, anauangalia kupitia tamis ya kuchunga bunga, kisha anaangalia na uso ya bwana mu ileile tamis, njo anakunywa maji. Bon. Telefone inalia, ni Madame: "Rolande, mwezi ulishatoka, tamis iko wapi?"

Iko kwangu. Niliibeba jana nichunge bunga ya muhogo.

Tamis, Ornella. Kati ya vyombo vyote.

Nikakimbia nayo. Aliipandisha tu, bunga yangu ya jana yenye ilibakia ndani ikamwangukia ku uso.

Kufika nyumba, bwana yangu Bienaimé ananiuliza: "Na mimi utanifungia lini?"

Nikamwambia leo njo yeye anafunga. Tamis ilibaki Uccle, bunga ya leo haikuchungwa, bugali haiko.