Limewaka, Shemeji

Hai Jalaba, Juba. Jumapili usiku, Februari 2014

Limewaka! Shemeji alisema kesho atalivuta mpaka Gumbo, ng'ambo ya mto, likauzwe vipuri, maana gari lisilowaka ni chuma tu. Haya.

Tangu mume wangu auawe katika mapigano ya Desemba, gari lake jekundu la michezo lilikuwa limelala chini ya turubai. Alilinunua mwaka wa uhuru. Lilikwaruza tumbo kwenye kila shimo la Juba, naye akacheka tu.

Leo Mama Akello, jirani yangu Mganda, alikuja na betri ya pikapu yake. "Dada, mimi iko na betri. Jaribu."

Nikajaribu. Likakohoa, likazima. Ndipo nikakumbuka mume wangu alivyoupapasa usukani na kusema, "Yala, arusa." Twende, bibi arusi. Neno hilo nililionea wivu miaka yote. Nikalisema.

Pa! Pa! Bomba likafyatua moshi, injini ikashika, na mtaa mzima ukalala chini. Mama Akello akapaza sauti kutoka mavumbini: "Si risasi! Ni bibi arusi!"

Kiti bado kiko nyuma, kwa urefu wa miguu ya mume wangu. Sikukisogeza, nilikanyaga pedali kwa ncha za vidole.

Naogopa, ndiyo. Lakini kesho shemeji aje na kamba yake. Atanikuta ndani, injini ikinguruma.