Mfumaji Alipotoka Boksini

Nyumbani, chumba cha kusukia,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Hujambo, mwana wa mama? Mguu wako unaendeleaje? Bado unakuuma baridi ikiingia, au sasa unapanda na kushuka huko kambini kama mbuzi? Na je, unakula, au unawapikia wajenzi wa barabara halafu wewe unalamba mwiko tu? Mama ananiambia nikuulize hilo mara mbili. Basi nakuuliza tena: unakula?

Sisi tu wazima. Mama presha yake imetulia, ulimi wake ndio haujatulia. Shemeji yako anakusalimu, yuko nje anapiga randa mbao. Mpwa wako Kifungo ameanza kutambaa, na chochote anachokikuta sakafuni kinaenda mdomoni moja kwa moja. Hilo la kutambaa lishike, maana ndilo lililotaka kuniua.

Simu yako haipatikani tangu ulipopanda huko milimani, ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori la vyakula akuletee barua hii mkononi. Nisome taratibu. Usiruke mistari ukatafute mwisho, nakujua.

Kwanza nikutoe wasiwasi: buibui wako wote wawili, Mfumaji na Mvivu, wako hai. Sasa naweza kukueleza mengine.

Unakumbuka ulivyoniachia yale maboksi mawili ya plastiki juu ya kabati, nikakubali kwa mdomo tu. Wewe unajua mimi na buibui tangu utotoni, hata kwa yule mwembamba wa darini nilikuwa namwita baba aje. Sasa wewe unaniletea wenye manyoya, miguu ya buluu, tumbo la rangi ya chungwa kama kaa la moto! Nilikubali kwa sababu moja tu. Ulipotoka hospitali na ule mguu ulikuwa husemi na mtu, ukiletewa chakula unageukia ukutani. Kitu cha kwanza kilichokuchekesha ni Mfumaji, alipokuwa mdogo kama punje ya pilipili manga, amejisokotea utando kwenye kijiti mpaka akajifungia ndani mwenyewe. Nilikuwa mlangoni nimeshika sahani. Nilisikia ukicheka. Basi ningekataaje?

Nimewalisha kama ulivyonielekeza. Nyenje mmoja mmoja, asizidi ukubwa wa tumbo la buibui mwenyewe, nambana na kibano kirefu namshusha karibu na mlango wa handaki lao la utando. Maji nayaweka kwenye kifuniko cha chupa. Udongo nauacha mkavu, vijiti sivisogezi, utando siuvunji hata ukijaa mpaka ubavu wa boksi uonekane kama dirisha lenye ukungu. Mabaki ya chakula nayatoa kesho yake. Kila nikimaliza nakaa kwanza chini sakafuni, halafu ndipo naenda kusuka kichwa cha mtu.

Mvivu ndiye alianza kunitia hofu. Alikataa kula. Nikajaribu tena baada ya siku kadhaa, akakataa, na safari hiyo nyenje akanitoka kwenye kibano akazama ndani ya utando. Nikasema atajijua. Asubuhi nachungulia, namkuta Mvivu amelala chali juu ya kitanda cha nyuzi, miguu yote juu!  Nikasema huyu amekufa, na nimemuua mimi.

Kisha nikakumbuka sauti yako: buibui akilala chali usimguse, anajivua ngozi. Nikashusha pumzi. Lakini pumzi ile haikufika chini, maana nikakumbuka na lile la pili: kusiwe na nyenje ndani, kwa kuwa wakati ule buibui mwili wake ni laini kama uji, nyenje anaweza kumtafuna naye hana la kufanya. Na nyenje nilikuwa namwona. Alikuwa pembeni ya utando, anachezesha pembe zake, anasogea.

Hakukuwa na mtu wa kumwita. Shemeji yako alikuwa kazini, mama amelala na mtoto. Nikafungua kifuniko. Niliingiza kibano kupitia lile tundu la pembeni mwa utando, polepole, huku nimefumba jicho moja kama anayeweka uzi kwenye sindano. Kibano kilipita juu ya tumbo la Mvivu, karibu kiasi kwamba niliona manyoya yake yakicheza. Nikambana nyenje mguu. Akaruka, mguu ukabaki kwenye kibano. Nikambana tena, safari hii kiunoni, nikamtoa, nikamtupa dirishani, nikafunga kifuniko. Nilitapika, sikufichi.

Ili nifikie boksi la Mvivu vizuri, nilikuwa nimeliteremsha la Mfumaji na kuliweka mezani. Nilipolirudisha juu ya kabati nililishika kwa kifuniko, na kwa haraka ile sikuangalia kama vile vibanio vya pembeni bado vimebana. Havikuwa vimebana.

Siku iliyofuata nilikwenda kuongeza maji. Utando upo, mzuri, umetandazwa kila kona. Mfumaji hayupo. Kifuniko kimeinuka upande mmoja, upenyo wa kupita kidole. Niligeuka na kumwona Kifungo anatambaa kutoka chini ya kiti, mkono mmoja mdomoni.

Sikumbuki nilivyomfikia. Nilimfungua mdomo kwa nguvu, mtoto akalia, nikakuta kipande cha uzi wa kusukia. Uzi tu. Nilimkumbatia hapohapo sakafuni.

Shemeji yako aliporudi nilimwambia kabla hajavua viatu. Akaenda kuchukua dawa ya kupulizia wadudu.

Nikamwambia, “Ukipuliza utamuua na yule mwingine. Na hewa hiyohiyo mtoto ataivuta.”

“Na mtoto wangu akiumwa na hicho kidude?”

“Sindano alisema sumu yao si ya kuua mtu. Manyoya yao ndiyo yanawasha, hasa yakiingia machoni.”

“Sindano alisema!” akanijibu. “Sindano yuko huku anatambaa na sisi?”

 Hata mimi sikuwa na hakika kama uliyoyasema kuhusu mtu mzima yanamhusu na mtoto wa kutambaa. Alimfunga Kifungo mgongoni, yeye mwanaume mzima na mbeleko yangu ya maua, akampeleka kwa wifi. Alisema mtoto hakanyagi humu mpaka mdudu aonekane. Mama naye akaondoka nao, anatembea kwa kunyanyua gauni kana kwamba sakafu ina maji.

Shemeji yako aliporudi tulihamisha kila kitu. Kitanda, viti, masufuria, mapazia. Tulikung'uta nguo moja moja. Hatukumwona. Nyumba bila mtoto ilikuwa kimya mno, na kila kitu cheusi kilikuwa na miguu.

Kesho yake nilikuwa na ahadi na yule mwalimu wa chekechea, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa anasafiri kwenda harusini, sikuweza kumwambia arudi wiki ijayo. Nilichunguza kiti, nikachunguza meza, akakaa nikaanza. Tulifika katikati ya kichwa, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama kama ufagio. Akaona nageukageuka.

“Dada msusi, mbona leo huna raha? Umepoteza kitu?”

Likanitoka. “Nimepoteza buibui.”

“Pole jamani. Lilikuwa jipya?”

Sindano, nilipaswa kumwambia palepale kwamba sizungumzii vazi. Sikuwa na ujasiri. Nikasema, “La ndugu yangu.”

Akashangaa. “Ndugu yako wa kike?”

“Wa kiume.”

Akaamua kutouliza zaidi. Mimi nikanyoosha mkono kwenye mfuko wa nywele za kusukia, na vidole vikagusa kitu kinachonata. Nyuzi. Nyuzi nyembamba zilizoshikana, imara, si nywele. Nikajua. Mkono mzima ulikuwa umo ndani ya mfuko, naye yumo.

Nilibaki hivyo hivyo.  Nikasema kwa sauti ndogo sana, “Mwalimu, tafadhali inuka taratibu uende mlangoni.”

“Kuna nini?”

“Buibui lile. Lina miguu minane.”

Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Hakwenda mlangoni, alipanda juu ya kiti na kupiga ukelele uliosikika mtaa mzima, na chanuo bado limechomekwa kichwani. Nikavuta mkono. Mfumaji akatoka nyuma yake mbio, akapita juu ya kifundo changu cha mkono, mwepesi kama pumzi, akashuka mezani, akapanda ukutani, akasimama pale juu ya kioo. Nilikuwa sijapiga hata kelele. 

Mlango ukafunguliwa. Ni shemeji yako, amekuja kula, amesikia ule ukelele tangu kona. Alitazama ukuta, akavua kiatu.

“Mke wangu, sogea.”

Sikusogea. Sijui nani alinisimamisha pale. Nilikuwa nimempa Mfumaji mgongo, yuko nyuma ya kisogo changu, namhisi, na mbele yangu kiatu.

“Nipe kikombe,” nikasema.

“Sogea, nasema!”

“Baba Kifungo, nipe kikombe na kile kipande cha katoni. Ukimuua, barua ya kumwambia Sindano utaiandika wewe.”

 Mwalimu akiwa juu ya kiti akasema, “Mpe basi, baba, mpe!” Akanipa.

Nilimfunika. Nilipitisha katoni chini ya mdomo wa kikombe polepole, nikisubiri anyanyue mguu mmoja, kisha mwingine, nisije nikamkata. Nilimrudisha nyumbani kwake nikabana vibanio vyote, nikavikagua, nikavikagua tena. Hapo ndipo nikagundua kwamba nalia. Hofu ya kuumwa ilikuwepo, bado ipo. Lakini kubwa zaidi ilikuwa kukufikiria wewe huko juu, peke yako jikoni, unasoma kwamba amekufa, na unageukia tena ukutani.

Mwalimu nilimmalizia kichwa uani. Alikaa, Mungu ambariki, ila kila nikimgusa shingo alikuwa anaruka.

Mvivu naye amemaliza kujivua. Ngozi yake ya zamani imebaki kama glavu iliyovuliwa, na mwenyewe ameng'aa, mguu umezidi urefu. Sijampa chakula. Namwacha meno yake yakomae kwanza, si ndivyo? Na mkono wangu uliwasha siku mbili kwa yale manyoya, nikaosha kwa maji mengi, umepona.

Zile mbao anazopiga randa shemeji yako ni za kabati la hao wadudu wako. Litakuwa na wavu mwembamba wa kupitisha hewa na kufuli. Ameniambia nisifikiri anawatengenezea wao. Atalipaka vanishi pia, na ataliacha nje likauke mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu amesikia harufu kali inawadhuru.  Mama alisharudi; Kifungo baba yake alimwacha kwa wifi mpaka ajiridhishe na vibanio, anarudi jioni hii.

Bado naogopa, Sindano. Leo asubuhi nimemlisha Mfumaji na kibano kiligonga boksi kama meno ya mtu mwenye homa. Lakini alikula.

Wasalimie wote unaowapikia. Hapa wanakusalimu mama, shemeji yako, wifi yangu, na mpwa wako ambaye angekula hata salamu. Mola akulinde kwenye mteremko na kwenye moto wa jiko, aupe mguu wako nguvu, na akurudishe kwetu ukiwa unacheka.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye pamoja na vyote ulivyonivumilisha,

Msusi