Nikeli ya Roshan

Scarborough, 28 Machi 2005

Shemeji Kurbanali,

Ya Ali Madad, na Navroz Mubarak, mwaka mwema, kwako na kwa mkeo Naheed. Koo linasemaje? Dada yako Roshan ameniambia daktari amekata tamaa na sauti yako, na kwamba simu ikilia unaitazama tu. Basi tuandikiane. Kutoka kwangu mpaka Downsview ni mabasi mawili na treni, na mguu wangu siku hizi unaanza kuuma nikiwa bado navaa kiatu. Vinginevyo sisi hatujambo.

Nimepata zawadi ya Navroz. Dada yako aliniwekea kisanduku mezani, nikakifungua nikakuta ile bastola yangu ya Kiswidi inang'aa kama sufuria ya harusi. Akaniambia umeichovya nikeli huko karakanani kwenu, maana yeye alichoka kuona lichuma lile la kutu kabatini. Nilimshukuru sana, nikala biriani sahani mbili.

Yeye siwezi kumwambia, lakini wewe nitakwambia. Umeiua.

Unajua mimi sipigi risasi na sijawahi kupiga. Nakusanya bastola kuukuu, mabaki ya majeshi ya Ulaya, kwa ajili ya umri wake. Sisi tulipotoka Tabora hatukubeba hata kitu kimoja cha zamani, ndiyo maana napenda kushika kitu ninachojua kilizaliwa lini. Na kwa sheria ya hapa, bastola ya aina hii ikiwa imeundwa kabla ya mwaka 1898 ni kitu cha kale, unaiweka nyumbani bila leseni. Ikiwa ni ya 1898 au baadaye ni silaha, na bila hati unakwenda kujieleza mahakamani. Kwa hiyo mwaka ndiyo roho yake. Nyingine zote nimezisoma alama. Hii aliyeniuzia aliapa ni ya 1897, lakini alama iko chini ya mbao za mpini na skrubu ilikuwa imeshikwa na kutu. Nilikuwa naitia mafuta kila Jumapili, sikutaka kuilazimisha. Wewe umeshazitoa mbao, umesugua chuma chote mpaka kikawa cheupe, maana najua ndivyo nikeli inavyotaka. Sasa umri wake nitausomaje? Kwa meno, kama mbuzi?

Tafadhali Roshan asijue. Ana furaha na kazi yako.

Shemeji yako,
Abdulsultan


Downsview, 9 Aprili 2005

Shemeji Abdulsultan,

Mowla Ali Madad. Sisi wazima, na mguu wako upone.

Barua yako nimeisoma. Kazi ile niliifanya baada ya saa za kazi, kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu dada yangu aliniomba. Baba yetu alitia bati sufuria za shaba za nusu ya Tabora, na sijasikia mtu akimwambia ameua sufuria.

Ungeniuliza nilifanyaje, ningekujibu. Hukuuliza. Umemsifu dada yangu usoni, na mimi umenitukana kwa posta. Sina sauti ya kugombana na mtu, na wino pia sitaki kuupoteza.

Msalimie Roshan.

Shemeji yako,
Kurbanali


Scarborough, 3 Februari 2013

Shemeji Kurbanali,

Ya Ali Madad. Natumaini wewe na Naheed mmeivuka hii baridi salama. Mimi nipo. Goti moja limegoma kabisa, na kwenye jengo letu lifti huharibika mara kwa mara, basi siku nyingine nakaa ndani tu natazama theluji ya maegesho.

Miaka karibu minane hatukuandikiana. Kwenye mazishi ya Roshan tulisimama bega kwa bega wewe na mimi, hatukusemezana, na watu wakadhani ni koo lako. Mimi nina koo zima na sikusema kitu. Nimechoka na jambo hilo, Kurbanali. Nimechoka na mengi, lakini hilo zaidi.

Nakuandikia kwa shida. Binti yangu Tazmin anataka nihamie kwake Brampton, chumba cha chini, mwisho wa Aprili. Mwenyewe siwezi tena kukaa peke yangu, juzi nimeanguka bafuni. Ila yeye na mumewe Riaz wameweka sharti, na wana haki, wana watoto ndani: bastola isiyothibitika kuwa ya kale haivuki mlango wao. Riaz akamleta mtaalamu, Mzungu mmoja mpole mwenye kioo cha kukuzia. Zote zikapita isipokuwa ile ya nikeli. Alitaka kuifungua mpini nikamkatalia, nikamwambia hakuna kitu humo, shemeji yangu alishasugua kila kitu. Akasema basi kama hakuna mwaka, mbele ya sheria ni silaha isiyo na hati, afadhali niwaite polisi waichukue. Wakiichukua wanaiyeyusha.

Nikwambie jambo. Kila Navroz Roshan alikuwa ananiambia niitoe, anauliza, "Bado inang'aa?" Namjibu inang'aa. Miaka ya kwanza nilikuwa namridhisha tu. Baadaye nikawa naisubiri siku hiyo ifike nimjibu. Nyingine zote ningempa yeyote, hata kesho. Hii siwezi kumpa mtu akaiyeyushe.

Wewe ndiye pekee uliyeiona ikiwa wazi kabla ya nikeli. Uliona mwaka gani?

Shemeji yako,
Abdulsultan


Scarborough, 10 Machi 2013

Shemeji,

Ya Ali Madad. Labda barua yangu ilipotea. Labda haikupotea.

Tazmin ameshafunga vyombo vya jikoni, nanywa chai kwa kikombe cha karatasi. Zimebaki wiki chache. Kama bado una hasira, kasirika, ni haki yako, nilikuumiza na sikukuomba radhi. Sasa nakuomba. Lakini nijibu.

Abdulsultan


Downsview, 22 Machi 2013

Shemeji Abdulsultan,

Mowla Ali Madad, na Navroz Mubarak. Naheed anakusalimu, anasema uache kuoga bila mtu nyumbani. Mimi kifua kinanisumbua na mikono inatetemeka, lakini nakula.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ya kwanza niliiweka juu ya friji, nikawa napita naitazama. Uliponiambia nimeua ile bastola, siku ileile ningekueleza ukweli kwa mistari miwili yakaisha. Niliona mtu aliyeishi na dada yangu miaka yote ile angetujua sisi ni watu gani. Na wewe ulikaa na kitu hicho kabatini mwako, na bisibisi unazo, hukufungua. Tumekuwa wazee wawili wajinga.

Sikiliza. Tabora sufuria za shaba zilikuwa zinaazimwa. Harusi ya mmoja, sufuria za wote. Ndiyo maana kila mwenye sufuria aliandikwa jina lake juu yake, nukta nukta, kwa msumari na nyundo, ili shughuli ikiisha irudi kwa mwenyewe. Baba alipokuwa anatufundisha kazi, kofi la kwanza lilikuwa la mtu aliyesugua juu ya jina. Unaweza kuharibu bati, unalitia tena. Jina ukilifuta, sufuria ya watu imepotea. Basi mimi mpaka nastaafu sikuwahi kusugua alama ya kitu chochote kilichopita mkononi mwangu. Hata mabomba ya maji. Nilikuwa naifunika alama kwa nta kabla ya kuchovya, wenzangu wakinicheka.

Chini ya mbao ya kushoto hakuna nikeli. Skrubu niliibadilisha, inafunguka kwa ukucha. Mwaka upo. Siukumbuki ulikuwa ngapi, kwangu ilikuwa alama tu.

Na jina lako lipo. Roshan alinisimamia nikaliandika kwa nukta kama kwenye sufuria za mama. Nilimwuliza bastola ataiazima nani. Akasema, "Wewe andika tu. Kitu chenye jina hurudi kwa mwenyewe."

Ifungue.

Shemeji yako,
Kurbanali


Scarborough, 31 Machi 2013

Shemeji Kurbanali,

Ya Ali Madad. Asante ya barua, na pole ya kifua. Mwambie Naheed nimemsikia.

Nimeifungua. Skrubu ilitoka kama ulivyosema, na mimi nilikaa nayo miaka yote hiyo. Jina langu lipo, herufi zote, zimepangika vizuri kuliko ninavyoliandika mwenyewe. Nililipitishia kidole mpaka kikaingia baridi.

Chini yake upo mwaka. 1898.

Nilikwenda kutafuta kioo, nikatazama tena, nikasogea dirishani nikatazama tena. Aliyeniuzia alidanganya au alidanganywa. Mwaka mmoja tu, Kurbanali. Ingeundwa majira ya baridi yaliyotangulia ingekuwa kitu cha kale, ningeiweka kwa Tazmin juu ya kabati.

Nikwambie na ubaya wangu. Niliwaza kurudisha mbao nikanyamaza, niiingize Brampton ndani ya soksi. Nani angejua? Halafu nikawakumbuka watoto wa Tazmin wanavyopekua mifuko yangu wakitafuta peremende. Siwezi.

Imebaki njia moja kabla ya polisi. Kuna fundi wa silaha mwenye kibali, anaizibia mtutu na kuichomelea ndani isipige tena milele, anaandika cheti, na sheria haiihesabu tena kuwa silaha. Kwetu wakusanyaji huyo fundi ni mchinjaji. Nimewahi kuacha kumsalimu mtu kwa sababu alichomelea bastola nzuri. Umri wake hautakuwa na maana tena kwa yeyote, itakuwa chuma chenye umbo tu.

Nimempigia leo, anakuja kuichukua mwenyewe. Nilidhani nitaumia zaidi.

Shemeji yako,
Abdulsultan


Brampton, 26 Mei 2013

Shemeji Kurbanali,

Ya Ali Madad. Nimeshahamia. Chumba kina dirisha dogo juu, naona miguu ya wapita njia na magurudumu ya malori yanayopita. Watoto wananiuliza mambo kwa Kiingereza, nawajibu kwa Kiswahili, na biskuti zinaisha hivyohivyo. Hofu yangu ni wewe: Naheed alimwambia Tazmin kwamba umelazwa siku mbili. Niandikie hata mstari.

Nyingine zote nimempa yule Mzungu mpole, alifurahi mpaka nikamwonea haya. Nimebaki na ya Roshan. Cheti kimebandikwa ndani ya mlango wa kabati, Riaz amekisoma mara mbili na akanipa mkono.

Ila moto wa kuchomelea umeibabua nikeli mdomoni mwa mtutu, imekuwa nyeusi kama sufuria ya maharagwe. Roshan angeniuliza ningejibu nini? Nimempa Riaz akuletee. Najua umestaafu na mikono haikusikii. Lakini kama karakana bado wanakufungulia mlango, ing'arishe. Na kama utaweza, kando ya jina langu andika la dada yako. Sufuria ya nyumba moja ina majina mawili.

Usiharakishe. Kazi ya kwanza sikuishukuru, hii nitaisubiri.

Shemeji yako,
Abdulsultan


Downsview, 19 Juni 2013

Shemeji Abdulsultan,

Mowla Ali Madad. Nimetoka hospitali, nanyweshwa uji kama mtoto. Sijambo kiasi.

Karakana walinifungulia. Mdomo umekubali nikeli, ukitafuta kwa makini utaona kovu, usitafute. Jina la Roshan nimeliandika. Mkono ulitetemeka, herufi ya mwisho imekwenda chini, karibu na mwaka. Nilitaka kuifuta nianze upya, nikakumbuka kofi la baba, nikaiacha.

Riaz amesema atapita kuichukua. Nimemkatalia. Posta pia sitaitia. Iko mezani kwangu, juu ya kitambaa, na jina lako liko juu yake, kwa hiyo ifuate mwenyewe. Tazmin akulete kwa gari, goti lisiwe sababu. Naheed atapika biriani.

Usiandike barua nyingine. Njoo unisimulie habari za Roshan, hata zile ninazozijua. Kusema siwezi, lakini nasikia.

Shemeji yako,
Kurbanali